Sanduku Lililopanda Pikipiki Peke Yake

Mwone kwanza akifika. Ni asubuhi ya kiangazi hapa Kolwezi, ambako kiangazi ni majira ya baridi, nayo bado inauma masikio, na barabarani zinakuja pikipiki mbili zinazofuatana. Ya kwanza imempakia mama wa makamo, kitenge kimemkaa sawasawa, mikono yote miwili imelikumbatia beseni la plastiki lililofunikwa kitambaa. Ya pili, nyuma yake kama hatua ishirini, haina mtu ila dereva. Pale anapokaa abiria limefungwa sanduku dogo la bati kwa kamba za mpira, limetulia kama mgeni mwenye adabu zake. Pikipiki zinasimama mbele ya kibanda cha Tatiana Mbayo, karibu na soko, na yule mama analipa nauli mbili kamili bila kubishana hata kidogo.

"Mama," anacheka dereva wa ile ya pili, "mi nilibeba nani leo? Hata hakunisalimia."

"Ulibeba kilio, mwanangu," anajibu mama. "Aksanti. Nenda muzuri."

Dereva anaacha kucheka. Anageuza pikipiki na kwenda zake.

Huyo ndiye Mama Mushiya. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Akachimba, akazaa, akazikwa hapa hapa. Yeye mwenyewe Kasai anaijua kwa hadithi tu. Kwa karibu miaka thelathini aliuza samaki wakavu. Alipanda treni hadi Dilolo, kule mpakani mwa Angola, akarudi na mafurushi yenye harufu iliyowafanya abiria wenzake wahame behewa, naye akapata nafasi ya kunyoosha miguu mpaka nyumbani. Mumewe, Tata Mukendi, maana huku baba huitwa tata, alikuwa fundi katika karakana ya reli. Alifariki Juni 2010. Watoto walizaliwa watatu, akabaki mmoja, binti, Glodi.

Lakini watu wa mtaani hawamjui kwa samaki. Wanamjua kwa shukrani. Ukimsaidia Mama Mushiya leo, atakushukuru leo, na kesho asubuhi kabla hujanawa uso yuko mlangoni anashukuru tena. Ukimwambia mbona umeshashukuru, atakujibu, "Ile ya jana ilikuwa ya mudomo. Hii ya leo njo ya moyo."

Diski zake za video nazo alizitunza kwa sababu hiyo hiyo. Kila sherehe na kila msiba alimwita Gaston, mpiga video wa mtaa, aliyekuwa na namna yake ya kazi. Kamera ya Gaston haikukimbilia bibi harusi wala jeneza. Ilianza na waliokuja. Ilipita uso kwa uso, taratibu, na hata mwenye mdomo uliojaa chakula hakurukwa. Siku zikipita, Mama Mushiya aliketi na diski yake akatazama nyuso, kisha akatoka nyumba kwa nyumba kushukuru. Wengine hutazama video wajione wenyewe walivyopendeza. Yeye alitazama ajue nani alikuja.

Diski za furaha zilikuwa arobaini na moja, zilikaa kabatini sebuleni. Za kilio, yaani za misiba, zilikuwa tisa, zilikaa katika sanduku la bati chini ya kitanda. Hazikuwahi kulala chumba kimoja. Mama yake alimfundisha kwamba nguo ya msiba haifuliwi pamoja na nguo ya harusi, maana ukizichanganya, msiba unajifunza njia ya kwenda harusini. Naye kwa akili yake akaona diski ni nguo ya aina nyingine.

Sasa mashine ya kuchezea diski ilikuwa imekufa, fundi wa tatu ameshainua mikono, na zilibaki wiki tatu wakwe waje. Hapo ndipo palipokuwa na haraka. Glodi alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Kijana aliyempenda, Mwenze, alikuwa tayari tangu zamani, lakini ukoo wake ulikuwa umeahirisha kuja kutoa mahari mara mbili. Aliyemlea Mwenze ni baba yake mdogo, Tata Mukuna, mkulima wa Kasaji, na maneno yake yalikuwa yamesafiri na reli mpaka masikioni mwa Mama Mushiya: "Bale batu ba Kasai, nani anabajua? Mi siingize mutoto yangu fasi sijue." Yaani, hamwingizi mwanawe mahali asipopajua.

Mama Mushiya hakukasirika. Alisema tu, "Akuye, ataona." Maana kwetu mgeni akiingia hupewa albamu ya picha hata kabla ya maji ya kunywa, atazame ajue yuko kwa nani. Yeye albamu yake ilikuwa ndani ya diski. Glodi akanunua boksi dogo jeusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, linalochomekwa kwenye televisheni na kucheza filamu zilizohifadhiwa ndani yake. Ikabaki kuzihamisha.

Ndiyo maana ya zile pikipiki mbili: furaha ndani ya beseni, kilio ndani ya sanduku.

Tatiana alikuwa mtu mwenye subira. Aliwahi kufundisha kompyuta katika shule moja. Sasa kibandani mwake alichapa barua, alichaji simu, na alihamisha diski za watu kabla hazijaoza. Alilipokea beseni, akanyoosha mkono kulichukua sanduku.

"Hapana," akasema Mama Mushiya. "Ile ni ya kesho. Leo unafanya furaha. Ukimaliza, unanawa mikono. Kesho unafanya kilio."

"Mama, mi niko mukristo. Mambo ya kunawa mikono sina nayo."

"Na mi niko mukristo. Maji haina dini. Utanawa."

Tatiana akacheka, akakubali. Kisha Mama Mushiya akalishika boksi, akaligeuza huku na huku. "Na humu zitakaa wapi? Tumbo iko ngapi?"

"Tumbo moja, mama. Lakini ndani nitaweka ukuta. Folda mbili. Moja nitaandika Furaha, ingine nitaandika Kilio."

"Usiandike ile jina!" Mama Mushiya akaruka kitini. "Kila siku nikiwasha televisheni, kilio ikuwe inaniangalia? Ni kuiita, ile."

"Basi niandike nini?"

"Usiandike kitu."

"Mama, mashine haikubali kitu bila jina."

Wakabishana kwa heshima, wakapatana. Folda ya furaha ikaitwa 1. Folda ya kilio ikaitwa 2. Mama Mushiya akaridhika, maana namba haina uso.

Kazi ya siku mbili ikala siku nne, kwa sababu Mama Mushiya hakuziacha diski zake peke yake. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akatazama kila moja mwanzo mpaka mwisho huku kompyuta ikiinakili. Diski yenye mikwaruzo Tatiana aliipaka dawa ya meno kidogo, akaifuta kwa pamba kutoka katikati kwenda nje, na Mama Mushiya alimtazama kama anayetazama mtoto wake akichomwa sindano. Ilipofika diski ya mwaka 2008, siku Glodi alipofaulu diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, kioo cha kompyuta kikawa cheupe chote. Watu walikuwa wanammwagia poda kichwani, kama ilivyo desturi ya kupongeza, yeye analia na kucheka, poda imekuwa uji mashavuni.

"Simamisha!" akasema Mama Mushiya. "Ile biatu. Unaona ile biatu Glodi anavaa? Ilikuwa ya mama Elise, wa nyuma ya kanisa. Alituazima. Mi nilimushukuru?"

"Mama, ni miaka kumi na tano."

"Nilimushukuru mara moja. Ya pili, hapana."

Akaondoka pale pale, akarudi baada ya saa mbili anapumua kwa nguvu, uso umeng'aa. Mama Elise alikuwa ameshasahau hivyo viatu kabisa, lakini alimkaribisha chai.

Siku ya mwisho Tatiana akamkabidhi boksi. "Inamaliza namba moja, inasimama," alimwambia, na aliamini anachosema. Alikuwa amejaribu filamu moja moja na zote zilicheza vizuri. Hakuwahi kuliacha boksi licheze folda ya kwanza mpaka ikaisha. Nani ana saa arobaini za kukaa hivyo?

Jumamosi ya wakwe ikafika. Uwanja ulifagiliwa mpaka mchanga ukaonekana kuchanwa kwa kitana. Kulikuwa na bukari, huo ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, kuku wawili wakubwa, na samaki wa Dilolo, maana Mama Mushiya hakuweza kufanya karamu bila samaki. Msemaji wa upande wake alikuwa Tshilombo, mdogo wa marehemu Mukendi, mtu mpana mwenye suti iliyoshonwa alipokuwa mwembamba. Upande wa pili aliingia Tata Mukuna, mrefu, mkavu, kofia mkononi. Alisalimia wote, akaketi, akaanza bila kuzunguka.

"Tunakuya na heshima. Lakini mi nitauliza vile mutu muzima anaulizaka. Ninyi hapa Kolwezi, nani anabajua?"

"Tata," akajibu Tshilombo, "hata kuku ya jirani inatujua. Inakulaka hapa kila siku."

Watu wakacheka. Tata Mukuna hakucheka. Mwenze aliinamisha kichwa, na Glodi, aliyekuwa mlangoni na jagi la maji, akamtazama mama yake. Mama Mushiya akanyanyuka, akachukua rimoti, ambayo bado alikuwa ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki isiingie vumbi.

"Tutakula," akasema kwa upole, "na tata ataangalia. Ataona batu yetu."

Glodi akachagua zile fupi za mwisho mwisho wa folda 1, zisichoshe wageni. Ikaja ya ndoa ya binamu, nyuso za mtaa mzima zikapita, na Tshilombo akawataja mmoja mmoja. Huyu wa kanisani, huyu wa karakana, huyu wa soko. Tata Mukuna alikula taratibu huku akitazama. Ikaja ile ya poda. Mashangazi wa Mwenze wakapiga makofi, hata yeye Tata Mukuna akavuta pembe moja ya mdomo. Mama Mushiya akaanza kupumua. Wakaingia kwenye kuku, wakaingia kwenye mazungumzo, na hakuna aliyeona kwamba filamu ya mwisho ya folda 1 imekwisha na kioo kimekuwa cheusi.

Boksi halijui ndoa wala msiba. Linajua kuhesabu tu, na baada ya moja ni mbili.

Sauti ikaja kwanza. Wanawake wa kanisa wakiimba polepole, ule wimbo ambao hakuna asiyejua unaimbwa wapi. Halafu picha ya Tata Mukendi kwenye fremu, msalaba juu yake, maua ya plastiki pembeni. Vijiko vikasimama hewani. Shangazi mmoja wa Mwenze akafunika mdomo.

"Kilio ku mahari!" akanong'ona, lakini wote walisikia.

Mama Mushiya akaikamata rimoti, akabonyeza, akabonyeza tena. Plastiki iliteleza chini ya vidole asijue ameshika kitufe gani. Sauti ndiyo ikapanda. Sasa waimbaji walijaa nyumba nzima. Miaka yote alikuwa amezitenga diski zile, vyumba viwili, siku mbili, pikipiki mbili, na leo zimekutana mbele ya watu wale wale aliowaogopa. Aliona mahari ya mwanawe inatoka mlangoni. Tshilombo akaruka mbele ya televisheni, akatanua mikono kama golikipa, na mshono wa suti ukalia kwapani.

"Buko yangu, mukwe yangu, ni makosa ya mashini," akasema, "ni makosa tu ya mashini..."

"Tata, toka mbele," akasema Tata Mukuna.

"Ngojea, tunafunga..."

"Nasema toka mbele. Musifunge."

Alikuwa amesimama. Tshilombo akasogea. Kwenye kioo kamera ya Gaston ilikuwa imetoka nje kwa wanaume, asubuhi ya baridi ya Juni, moto katikati ya uwanja, nao wamekaa kuuzunguka, kila mtu na sahani yake. Ilipita uso kwa uso. Ikafika kwa mtu mrefu, mkavu, mwenye koti la kijani lililomzidi mabega. Mdomo ulikuwa umejaa. Aliiona kamera, akaacha kutafuna, akatazama chini kwa haya.

Mwenze akasema polepole, "Tata... ile koti. Si ile iko nyuma ya mulango kule Kasaji?"

"Njo ile," akakubali Tata Mukuna.

"Basi ule mutu ni..."

"Njo mi."

Akaketi, kwa uzito wa mtu aliyeshuka kwenye treni. Kisha akasimulia, na hata watoto wakasogea karibu. Mwaka ule alileta Kolwezi magunia ya muhogo. Aliuza, akaenda stesheni kurudi, akaambiwa treni haiondoki leo, labda kesho. Hakuwa na ndugu hapa wala mahali pa kulala. Akatembea, akaona moto na watu wameketi kimya. Akajua ni kilio, akaketi. Hakuna aliyemwuliza jina, maana kwenye kilio mtu haulizwi jina. Aliyeketi ni wa nyumba hiyo. Wakampa bukari. Wakampa mkeka. Treni haikuondoka kesho, haikuondoka kesho kutwa. Siku tatu alikula pale.

"Siku ya tatu walisema treni inaondoka sasa hivi. Nilikimbia. Sikuaga mutu. Na sikujua nani alikufa." Akaigeuza kofia mikononi. "Miaka kumi na tatu, kila nikiomba, nasema: Mungu, umukumbuke ule mutu wa Kolwezi, jina yake unaijua we mwenyewe. Nilirudia kutafuta ile nyumba karibu na reli. Sikuiona."

"Tulihama," akasema Mama Mushiya. "Ile nyumba tuliiacha mwaka uliofuata."

"Aliitwa nani?"

"Mukendi."

"Mukendi," akarudia Tata Mukuna, kama anayepokea kitu kwa mikono miwili.

Lakini Mama Mushiya alikuwa anamtazama kwa namna nyingine. Siku za kilio mjane alikuwa ndani kwenye mkeka na wanawake. Wanaume wa motoni hakuwaona. Aliwaona baadaye, kwenye diski. "Tata," akasema, "mi nilikutafuta. Batu yote ya ile diski niliwashukuru, nyumba kwa nyumba. Nilibakiza wanne. We uko mumoja. Nilikuitaka Mutu wa Koti. Karakana walisema hawakujue, kanisa walisema hawakujue."

"Kunishukuru mi? Mi nilikula tu!"

"Hapana. Ngojea."

Akatoa rimoti kwenye plastiki, akaipa Glodi apeleke mbele kidogo. Na kweli: mtu wa koti la kijani yuko pembeni ya uwanja, koti amelivua, shoka mikononi, anapasua kuni. Ni rundo la kuni la kupikia watu mia, na yuko peke yake.

"Nani anakula tu, anapasua kuni namna ile?" akauliza Mama Mushiya, na sasa alikuwa analia. "Tuasakidila, tata. Tuasakidila."

"Wafwako, mama," akajibu Tata Mukuna kwa lugha ya kwao. "Wafwako."

Kila mmoja alishukuru kwa lugha ya mababu zake, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Tshilombo, ambaye hakuweza kukaa na machozi muda mrefu, akasema, "Lakini tata, sahani mbili! Mi nimehesabu. Kwa ile filamu uko na sahani mbili."

"Ya pili ilikuwa ya jirani yangu," akasema Tata Mukuna. "Alikuwa anasinzia." Ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza, na nyumba yote ikafuata.

Akasimama tena, kofia kichwani safari hii, akazungumza kama msemaji wa ukoo. "Niliuliza nani anabajua. Mi nabajua. Nilikula kwabo siku tatu, hawakuniuliza kabila, hawakuniuliza jina. Mutoto yangu ataingia hapa. Tuletee ile orodha."

Orodha ya mahari ililetwa, mbuzi wakatajwa, vitenge vikatajwa, na Glodi akaulizwa mbele ya wote kama anamkubali huyu Mwenze. Akasema ndiyo kwa sauti iliyofika barabarani. Na alfajiri iliyofuata, kabla wageni hawajapanda gari la kurudi Kasaji, Mama Mushiya alikuwa mlangoni pa nyumba walikolala, na kifurushi cha samaki. Ile ya jana ilikuwa ya mdomo.

Tatiana aliposikia yaliyotokea, alikuja mbio kuomba msamaha. Alisema atatafuta boksi la pili, bila malipo, azitenge kabisa. Mama Mushiya alimpa kiti, akampa chai, akamwambia ngojea kwanza. Akamwonyesha kwenye kioo mwanamke mwenye kitambaa cha bluu kichwani, anaosha masufuria nyuma ya nyumba ile ya zamani, mgongo umepinda, haangalii kamera.

"Huyu naye hatumujue," alisema. "We unamujua?"

Tatiana hakumjua. Picha yake imepelekwa kanisani, sokoni, karakanani, na hakuna anayemjua. Na bado wako wengine wawili.

Nawe unayesoma, uliyewahi kuketi kwenye moto wa watu usiowajua, ukala, ukapasua kuni zako kidogo, ukaondoka bila kuaga: ilikuwa nyumba gani, na nani huko mpaka leo anakutafuta akushukuru?